YAI LA NG'OMBE HUNGOJA AMRI

Na Ofisa Uhusiano wa Jeshi

Alfajiri moja ya kiangazi tulimkuta mzee mmoja amesimama nje ya lango la machinjio ya mji mdogo wa magharibi ya Uganda. Fimbo aliishika kwa mikono miwili, na kofia yake ya zamani ya jeshi aliibana kwapani, kama afanyavyo mtu aliyefika msibani. Tulimtambua kwa jinsi alivyosimama: alikuwa sajini mstaafu. Ndani ya machinjio alikuwa akichunwa ng'ombe wake, jike mwekundu wa Ankole mwenye pembe pana, aliyezaa mara nne bila kutupa mimba hata moja, na aliyetoa maziwa hata katika miezi ya ukame. Ukwato wake wa nyuma ulikuwa umeoza. Mchungaji aliuona uvimbe, akanyamaza. Majuma matano yakapita. Hata daktari wa mifugo alipoitwa, mguu ulikuwa hauponyeki tena.

"Afande," mzee alituambia, "kwa miaka 22 nilihesabu watu wangu kila asubuhi. Leo nimepoteza ng'ombe mmoja, na pamoja naye nimepoteza ukoo. Katika zizi amebaki binti yake mmoja tu. Nimesikia redioni kwamba huko Ulaya huweza kupatikana ndama kutoka kwa ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Je, ni kweli, au ni hadithi za kulalia watoto?"

Tulimwomba mzee atupe muda. Tukauliza wajuao, tukasoma yaliyoandikwa, na leo twaleta jibu mbele ya askari wote na polisi wote, maana wengi wetu tuna ng'ombe nyumbani, na kwa wengi wetu ng'ombe ndiyo akiba ya uzeeni. Jibu fupi ni hili: habari ile ni kweli. Lakini ukweli wake una masharti, na masharti hayo ndiyo yenye faida kwa mfugaji.

AMRI YATOKA KICHWANI

Yafaa kwanza ieleweke jinsi yai linavyopevuka katika mwili wa ng'ombe mwenyewe. Mtamba azaliwapo huwa amekwisha kubeba katika ovari zake mbili makumi ya maelfu ya mayai. Hatengenezi mengine baadaye. Kila yai lilianza kazi ya kugawa kromosomu zake wakati mtamba huyo alipokuwa bado tumboni mwa mama yake, kisha likasimama katikati ya kazi. Husimama hivyo miaka mitatu, miaka mitano, hata miaka kumi, kama mlinzi aliyewekwa lindoni na kuambiwa asiondoke hadi aitwe.

Kila yai hukaa ndani ya kifuko chake. Kifuko kikikua hujaa maji, na yai hubaki limezungukwa na kundi la seli ndogo zilizolishikilia kila upande. Seli hizo ndizo wapishi wake, walinzi wake na askari wake wa mawasiliano. Chakula hupitia kwao, na habari hupitia kwao. Nazo ndizo zinazolipelekea yai kemikali ya kulizuia, ili lisije likaondoka kabla ya wakati.

Makao makuu ya amri yako kichwani, katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari. Tezi hiyo hutuma katika damu homoni mbili zinazotuhusu leo. Ya kwanza ni homoni ya kukuza vifuko, ambayo wataalamu huiita kwa herufi FSH. Ya pili ni homoni ya kupevusha, ambayo huitwa LH. Homoni ni tarishi: haijengi wala haibomoi kwa mkono wake, bali hubeba ujumbe, na ujumbe huo husikiwa na seli zile tu zenye sikio la kuupokea.

Ng'ombe huwa katika joto kila baada ya siku 21 hivi. Katika muda huo FSH huamsha vifuko kwa makundi, na katika kila kundi kifuko kimoja huwashinda wenzake, wengine wakanywea na kufa. Kifuko kilichoshinda hutoa homoni nyingine, estradioli, ndiyo imfanyayo ng'ombe atafute dume. Estradioli ikizidi katika damu, wakati homoni ya mimba iitwayo projesteroni imeshuka, pituitari hufungua mlango na kumwaga LH kwa wingi kwa muda wa saa chache. Hiyo ndiyo amri kuu. Tangu itolewe hadi yai litoke katika ovari hupita saa 24 hadi 30.

Ajabu ni kwamba amri hiyo hailifikii yai moja kwa moja. Masikio ya kuisikia LH yako kwenye ukuta wa kifuko. Ukuta ukipokea amri, nao hutuma wajumbe wadogo kwa seli zinazolizunguka yai. Jambo hilo lilionyeshwa kwa panya nchini Marekani mwaka 2004. Seli hizo zikipata habari huacha kupeleka ile kemikali ya kuzuia, huvimba na kutawanyika mithili ya wingu, na yai huendelea na kazi yake. Hutupa nusu ya kromosomu zake 60, likabaki na 30, likingoja 30 za dume. Hivyo amri hutoka makao makuu, ikapita kwa ofisa wa kikosi, ikamfikia mlinzi lindoni. Hakuna ngazi inayorukwa.

YAI LIONDOKALO BILA AMRI

Mwaka 1935, huko Marekani, Gregory Pincus na mwenzake Enzmann walitoa mayai ya sungura katika vifuko vyake na kuyaweka katika chombo cha kioo. Waliona jambo ambalo hadi leo ndilo msingi wa kazi yote hii: mayai yale yalianza kupevuka yenyewe, bila homoni yoyote. Kilichokuwa kikiyazuia kilikuwa katika kifuko; kifuko kilipoondolewa, kizuizi kikaondoka pamoja nacho.

Miaka 30 baadaye Mwingereza Robert Edwards, aliyewahi kutumika katika jeshi la nchi yake kabla ya kuingia chuo kikuu, aliirudia kazi hiyo kwa mayai ya panya, kondoo, nguruwe, nyani, binadamu na ng'ombe pia. Watu wa kabla yake walikuwa wameandika kwamba yai la binadamu hupevuka katika saa 12. Edwards alitazama saa hizo zikapita bila jambo. Badala ya kukata tamaa, aliendelea kungoja, akagundua kwamba yai la binadamu lahitaji saa 36 hivi. Habari hizo alizitoa mwaka 1965. Subira hiyo ndiyo iliyoongoza hadi kuzaliwa kwa Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungishwa nje ya tumbo, mwezi Julai 1978, na Edwards akatunukiwa zawadi ya Nobel mwaka 2010.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa yai hupevuka lenyewe, homoni za nini katika maabara? Hapo ndipo lilipo tatizo. Yai likitolewa kifukoni huondoka kabla ya kupewa amri, na aondokaye hivyo huondoka bila posho. Kromosomu zake hugawanyika vizuri, na mtazamaji wa hadubini huandika kwamba limepevuka. Lakini kupevuka kwa kromosomu ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kujaza ghala. Kiinitete cha ng'ombe, katika siku zake za kwanza, hakina chakula wala maagizo yake mwenyewe. Huishi kwa yale ambayo yai liliyaweka akiba. Hujitegemea kikamilifu kinapofikia seli 8 hadi 16, kiasi cha siku ya tatu au ya nne baada ya kutungishwa. Yai lililoondoka na posho pungufu hufika hapo na kukwama. Kwa nje lilionekana sawa na wenzake. Safarini ndipo upungufu hujulikana.

KUTOKA MACHINJIONI HADI NDAMA

Ndama wa kwanza aliyetungishwa katika chombo cha maabara alizaliwa tarehe 9 Juni 1981 huko Pennsylvania, Marekani, akaitwa Virgil. Lakini yai lake lilikuwa limepevuka ndani ya ng'ombe, likatolewa baadaye. Amri ilikuwa ya mwili wenyewe. Maabara ilifanya kazi ya kutungisha tu.

Hatua iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi, nayo ni kulipevusha yai lenyewe nje ya mwili. Mwaka 1986 Wajapani walitoa habari ya ndama waliotokana na mayai yaliyopevushwa na kutungishwa katika maabara. Kisha huko Dublin, nchini Ireland, Ian Gordon na wenzake walitumia ovari za ng'ombe waliochinjwa, wakafanya kazi yote katika maabara, kutoka kupevusha yai hadi kukuza kiinitete, na mwaka 1988 wakatangaza kuzaliwa kwa ndama pacha. Hivyo alichosikia sajini redioni si hadithi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Ovari hutolewa mara tu ng'ombe achinjwapo, hutiwa katika chupa ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu, na hufikishwa maabara baada ya saa chache. Mtaalamu hufyonza kwa sindano vifuko vyenye upana wa milimita 2 hadi 8. Kisha huketi mbele ya hadubini na kuchagua: yai lililozungukwa na seli zake pande zote, lenye rangi sawa, huchukuliwa, lililo uchi hutupwa. Mayai yaliyochaguliwa huwekwa katika maji ya lishe yaliyotiwa homoni, ndani ya kabati lenye joto la kiasi cha nyuzi 38.5, yaani joto la mwili wa ng'ombe, kwa muda wa saa 24 hivi. Baada ya hapo hukutanishwa na mbegu za dume, na viinitete hukuzwa kwa siku 7 kabla ya kupandikizwa.

Hesabu yake ni hii. Katika kila mayai 100 yaliyochaguliwa vizuri, 80 hadi 90 hupevuka kromosomu zake. Lakini yanayofikia kuwa kiinitete cha siku 7 huwa kwa kawaida 30 hadi 40 tu. Na katika viinitete vinavyopandikizwa, mara nyingi chini ya nusu ndivyo huleta ndama. Watu wa Dublin waliulinganisha upungufu huo mwaka 2002. Walichukua mayai yaliyopevuka ndani ya ng'ombe na mayai yaliyopevushwa katika maabara, wakayatendea sawa katika mambo yote mengine. Yale yaliyopata amri ya mwili yalitoa viinitete vingi zaidi kwa mbali. Nao wakakata shauri kwamba wingi wa viinitete hutegemea zaidi ubora wa yai lenyewe, na hali ya kulelea kiinitete hutawala ubora wa kiinitete kinachopatikana. Mlezi mwema hawezi kuongeza idadi ya waliofika wakiwa dhaifu.

KAZI YA HOMONI KATIKA CHOMBO

Tangu hapo swali likawa: je, maabara yaweza kuiga amri ya mwili? Wataalamu walianza kutia FSH, LH, estradioli na maji ya damu ya ndama katika lishe ya mayai. FSH ilionekana kuwa na faida dhahiri, na sababu yake inafahamika: seli zinazolizunguka yai zina masikio ya kuisikia FSH. Huitika kwa kuvimba na kutawanyika kama zifanyavyo katika kifuko, na kadiri zinavyobaki zimeshikamana na yai katika saa za mwanzo, ndivyo zinavyoendelea kulipelekea mahitaji yake. LH iko katika hali nyingine, kwa kuwa masikio yake yalibaki ukutani mwa kifuko, na ukuta haukuletwa maabara.

Estradioli nayo ilitoa somo kali. Kwa miaka mingi ilitiwa kwa desturi, kwa kuwa hupatikana kwa wingi katika kifuko kinachokaribia kupasuka. Lakini mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi waliitia katika lishe isiyo na maji ya damu wala homoni za pituitari, wakaona kwamba iliharibu ugawanyikaji wa kromosomu na kupunguza viinitete. Homoni ile ile iliyo rafiki katika mwili iligeuka kuwa kikwazo ilipotengwa na wenzake. Tarishi mmoja aliyetumwa peke yake, bila barua ya mkubwa wake, huleta fujo kambini.

Wengine wakajaribu njia ya tatu. Mwaka 2010 watafiti wa Adelaide, Australia, waliandika kwamba badala ya kuliharakisha yai, walilizuia kwanza kwa saa chache kwa kemikali zinazofanana na kizuizi cha kifukoni, ili lipate muda wa kujaza ghala, ndipo wakaliruhusu liendelee. Walipata viinitete vingi zaidi. Majaribio ya watu wengine baadaye hayakupata faida kubwa kiasi hicho kila mara, lakini wazo lenyewe limebaki.

SAA ZA KUNGOJA

Somo tulilolipenda kuliko yote latoka jimbo la Quebec, Kanada. Huko waliamua kumtayarisha ng'ombe kabla ya kumtoa mayai. Ng'ombe aliye hai hudungwa FSH kwa muda wa siku tatu, ili vifuko vingi vikue pamoja. Mtu asiye na subira angetoa mayai siku ya nne asubuhi. Wao waliacha kumdunga, wakangoja takriban siku mbili bila FSH, wakampa LH saa 6 kabla ya kutoa mayai, ndipo wakayatoa. Mwaka 2002 waliandika kwamba katika kundi lililotendewa hivyo, mayai karibu 80 katika 100 yalifikia kiinitete cha siku 7. Linganisha na 30 au 40 ya kawaida.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2012, watu wa Quebec walipima muda huo wa kungoja: saa 20, saa 44, saa 68 na saa 92. Saa 20 hazikutosha. Saa 92 zilikuwa nyingi mno, mayai yakaanza kuchakaa. Wakati bora ulikuwa katikati, karibu na saa 54. Kwa maneno mengine, yai lina dirisha lake. Kabla ya dirisha halijawa tayari. Baada ya dirisha limechelewa. Kila askari aliyewahi kungoja ishara ya kusonga mbele aijua maana ya dirisha hilo.

Kazi hizi zimeigeuza biashara ya ufugaji duniani. Tangu mwaka 2016, idadi ya viinitete vya ng'ombe vinavyotokana na maabara imevizidi vile vinavyooshwa kutoka katika tumbo la ng'ombe. Brazil imekuwa katika mstari wa mbele, hasa kwa ng'ombe wake wenye nundu, ambao ovari zao zina vifuko vingi kuliko vya ng'ombe wa Ulaya.

ZIZI NDILO MAABARA YA KWANZA

Huenda askari mmoja akasema: "Hayo ni mambo ya wenye fedha. Mimi nina ng'ombe watatu na mshahara wa koplo. Yanihusu nini?" Yakuhusu sana, ndugu yetu, kwa kuwa homoni zile zile zinafanya kazi katika zizi lako usiku huu. Ikiwa maabara yenye vyombo vyote haiwezi kuliokoa yai lililoharibika kabla ya kufika, basi wewe usiye na maabara huna budi kulilinda yai likiwa bado ndani ya ng'ombe.

Jambo la kwanza ni maumivu na hofu. Ng'ombe mwenye dhiki hutoa homoni za dhiki, nazo huizuia pituitari isitoe amri kwa wakati wake. Wachunguzi wa Liverpool, Uingereza, waliwafuatia ng'ombe wanaochechemea, wakaona kwamba hawaonyeshi joto vizuri, na baadhi yao hukosa kabisa ule mmwago wa LH, hata yai halitoki. Uvimbe wa ukwato, kwa hiyo, si jambo la mguu tu. Na ndugu zetu polisi wa vizuizi vya barabarani, wanapolikuta lori lililoshindilia ng'ombe hata wakakanyagana, wafahamu kwamba sheria wanayoisimamia hulinda nyama ya leo na ndama wa kesho pia.

Jambo la pili ni joto la jua. Huko Israeli ilionekana kwamba mayai ya ng'ombe wa maziwa aina ya Holstein hudhoofika wakati wa joto kali, na udhaifu huo haumaliziki joto linapopungua, bali huendelea hadi vuli. Askari aliyenunua Friesian kwa mkopo na kumfunga juani mchana kutwa asimlaumu dume wala mtu wa uhimilishaji ng'ombe asiposhika mimba. Kivuli cha mti ni dawa, na maji safi ya kutosha ni dawa.

Jambo la tatu ni chakula. Kifuko huchukua miezi kadhaa kukua tangu kianze kuamka hadi kifikie kupasuka. Yai litakalotungishwa mwezi huu lilikuwa likikua wakati wa ukame uliopita. Ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa hupungukiwa homoni zinazolisha kifuko, hata pituitari ikituma ujumbe, ovari huupokea kwa udhaifu. Anayeanza kulisha siku ng'ombe aonekanapo katika joto amechelewa kwa msimu mzima.

Jambo la nne ni onyo. Zipo homoni zinazouzwa madukani, na wapo watu wanaozidunga bila elimu, wakiahidi kumleta ng'ombe katika joto kwa siku tatu. Prostaglandini, kwa mfano, ikidungwa ng'ombe mwenye mimba ambayo mwenyewe haijui, humtupisha mimba. Nayo huweza kupenya ngozi ya mkono wa binadamu, na ni hatari kwa mama mjamzito na kwa mwenye pumu. Homoni ni amri. Na amri hutolewa na mwenye cheo chake. Mwachie daktari wa mifugo.

Jambo la tano ni kumbukumbu. Andika tarehe ya joto, tarehe ya kupandishwa, jina la dume, siku ya kuzaa. Saa 54 za Quebec zilipatikana kwa sababu kuna mtu aliyeandika saa. Kwa habari za mbegu na madume, nchi yetu ina Kituo cha Taifa cha Rasilimali za Vinasaba vya Mifugo huko Entebbe, kilichoundwa kwa Sheria ya Uzalishaji wa Mifugo ya mwaka 2001. Ni afadhali mfugaji aulize huko kuliko kununua sokoni mrija asioujua asili yake.

JIBU KWA SAJINI

Tulirudi kwa mzee wetu baada ya mwezi mmoja, tukamkuta chini ya mwembe wake. Tukamwambia tulivyoyajua, bila kumficha jambo. Ndiyo, mzee, katika ovari za ng'ombe yule yalikuwamo maelfu ya mayai asubuhi ile. Ndiyo, kama maabara ingekuwa karibu, na chupa ya maji ya uvuguvugu ingekuwa tayari mlangoni, mayai kadhaa yangeweza kutolewa. Lakini ng'ombe huyo alikuwa amekaa majuma matano katika maumivu, amekonda, halali wala hali vizuri. Mayai yake yalifika machinjioni yakiwa yamepungukiwa, na hakuna homoni katika chombo ambayo ingeyarudishia majuma matano.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Basi ukoo ulipotea lini, afande? Siku ya kisu?"

"La, mzee," tulimjibu. "Ulianza kupotea siku ya uvimbe."

Hakutujibu. Aliinuka, akatuongoza hadi nyuma ya nyumba, ambako yule mtamba mwekundu, binti wa ng'ombe aliyechinjwa, alikuwa amefungwa kivulini. Mbele yake palikuwa na ndoo ya maji na majani mabichi. Mzee aliinama, akauinua mguu wa nyuma wa mtamba, akaukagua ukwato kwa kidole gumba kama alivyokuwa akikagua bunduki za watu wake, akausafisha tope, akaushusha polepole. Kisha akautwaa mguu wa pili. Juu ya mlango wa zizi palining'inia daftari la shule lililofungwa kwa kamba, na katika ukurasa wake wa kwanza palikuwa na tarehe mbili tu, zilizopishana kwa siku 21.